Akaunti yangu haina uso. Je, nijitokeze?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Ujiji. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga video fupi za maisha ya ziwani: wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi, mafundi mitumbwi, wakamuaji wa mawese. Naziweka mtandaoni kwa jina la kubuni. Sijawahi kuonyesha uso wala kutoa sauti yangu, kwa sababu nyumbani hawapendi binti ajianike, na pia niliona wenzangu walivyotukanwa. Sasa yamenifika mawili. Mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam anataka nimtengenezee filamu ya nusu saa, ila ameomba kunijua jina na sura. Na wiki mbili zilizopita nimegundua kuna akaunti imechukua video yangu ya bibi mmoja, niliyempiga mwaka 2024 wakati ziwa limefungwa na uvuvi umesimamishwa, ikaandika kwamba bibi ana njaa na anaumwa, watu wachange kwa namba ya simu. Watu wanachanga. Wengine wananitukana mimi wakidhani ndiye tapeli. Je, nijitokeze? Nikijitokeza wataniamini zaidi, au nitapoteza nilichojenga?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimezitazama video zote mbili, ya kwako na ile iliyochakachuliwa. Umeniuliza habari za uso wako na nitakujibu. Lakini kabla ya uso wako kuna uso wa bibi, na katika barua nzima hukunieleza kama bibi mwenyewe anajua. Anajua kwamba sura yake inaombewa pesa? Anajua jina lako, lile ulilopewa na wazazi wako? Au siku ile aliona tu binti mwenye simu, akaongea naye kwa ukarimu wa watu wa pale, binti akashukuru akaondoka? Mengi uliyoniuliza yanategemea majibu ya hayo, kwa hiyo acha nianzie huko.

Kazi hii niliianza kwa harusi, hapahapa Kigoma, enzi za kanda za VHS, kamera ya kuazima ikinielemea begani, nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa. Ukifika nyumba ya watu Ujiji na kamera yako, jina lako halikuwa na maana kwa mtu. Swali lilikuwa moja: wewe mtoto wa nani? Ukishasema, mwenye nyumba anakupanga mahali pako. Mama yako tunamjua, shangazi yako si ndiye aliyeolewa Bangwe, babu yako alikuwa fundi pale stesheni. Baada ya hapo unafunguliwa milango mpaka chumba anamopambwa bibi harusi, mahali ambapo hata wajomba hawaingii. Kwa muda mrefu nilidhani wameniamini mimi. Baadaye nikaelewa kwamba walichokuwa nacho ni kitu imara zaidi ya kuniamini: nikiwaharibia, wanajua pa kunifuata. Tangu hapo sijapata maana ya kuaminiana inayonitosha kuliko hiyo. Niliyemkosea awe na mlango wa kubisha.

Mtandaoni hakuna anayeuliza mtoto wa nani. Mtazamaji aliyeko Mwanza au Muscat akiipenda video yako anaitazama, asipoipenda anapita. Ukimdanganya, amepoteza dakika mbili na labda shilingi elfu tano. Bibi wa Kibirizi ametoa kitu kikubwa zaidi. Ametoa sura yake, ambayo kesho asubuhi atakwenda nayo sokoni, msikitini, kwenye msiba. Kwa hiyo naona unaweza kumficha mtazamaji jina lako mpaka unaingia kaburini na usiwe umemkosea. Uliyemrekodi huwezi kumficha.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeumia nalo, au tuseme nimemuumiza mtu nalo. Miaka mingi iliyopita shirika moja lilinipa kazi ya kurekodi wanawake wa biashara ya dagaa. Kule Katonga nikakaa siku mbili na mama mmoja aliyekuwa na mtumbwi wake na vijana wanne aliowaajiri. Alinipikia migebuka, akaniambia mambo ya ndoa yake, akaniacha nimrekodi akihesabu pesa. Nikakabidhi kanda zote, nikalipwa, nikasaini karatasi ambayo sikuisoma mpaka mwisho. Baada ya miezi kadhaa sura yake ikatokea kwenye filamu ya kuchangisha fedha, sauti ya msimulizi ikisema huyu ni mkimbizi aliyepoteza kila kitu. Mkoa wetu umepokea watu wengi waliokimbia vita, kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, na aliyekimbia vita hana aibu yoyote ya kubeba. Lakini yule mama alizaliwa Katonga, na alichokuwa nacho alikitafuta kwa jasho lake. Kumwita hana kitu ni kumfutia maisha yake.

Mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha. Filamu haikuwa na jina langu mahali popote, na nakiri kwamba nilipogundua hivyo moyo wangu ulitulia. Haukutulia muda mrefu. Yule mama alikuja mpaka Mwanga, nyumbani kwa mama yangu mzazi, akavua ndala, akakaa mkekani, akaniuliza: “Mwanangu, mimi nimekimbia nini?” Sikuwa na la kumjibu. Niliandika barua tatu kwa lile shirika kabla kipande kile hakijaondolewa, na sikuacha kwenda Katonga kumweleza kila hatua. Alinisamehe, lakini alinisamehe kwa sababu alikuwa na mkeka wa kuja kukalia. Angerekodiwa na mtu asiye na jina wala kwao, swali lile angebaki nalo kifuani peke yake.

Ndiyo maana natangulia kukuuliza juu ya bibi.

Sasa lakabu yako. Hujafanya kosa kuitumia, na anayekuambia kwamba asiyeonyesha uso ana la kuficha hajui historia ya sanaa yetu. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi walijibizana miaka na miaka, wengine kwa majina ya kujipa. Msomaji wa Tabora hakujua sura ya malenga anayembishia kutoka Tanga. Alimjua kwa vina vyake, kwa misemo aliyoipenda, kwa namna alivyokubali au kukataa kushindwa hoja. Jina la kubuni lilikuwa kama kanzu, na aliyelivaa alijengewa heshima au alijivunjia humohumo. Wewe pia una mkono unaojulikana. Mimi ningeitambua video yako bila jina: unaiacha kamera itulie, unaanza na sauti kabla ya sura, na hubandiki muziki juu ya maneno ya mtu. Miaka mitatu ya mwenendo huo ni kitambulisho kizito kuliko picha ya pasipoti.

Hapo Ujiji kwenu kuna mfano mwingine ambao sina shaka umeupita mara nyingi, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone chini ya miembe. Mwaka 1871 alifika pale mwandishi wa gazeti la Marekani aliyejulikana kwa jina la Stanley. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya mafukara, na jina la Stanley alijipa alipokuwa kijana huko Marekani. Aliporudi London mwaka 1872 na habari kwamba amemkuta Livingstone hai, wengi walimkatalia. Wakachimba asili yake, wakamwita mwongo. Kilichowanyamazisha ni barua na daftari alizokuwa amekabidhiwa na Livingstone mwenyewe: jamaa zake waliutazama mwandiko wakasema huu ni wake. Jina la kujipa halikuiangusha ile habari, maana ushahidi ulitoka mikononi mwa yule aliyesimuliwa.

Lakini lipo jambo linalomfuata Stanley mpaka leo. Ile salamu maarufu anayodai alimpa Livingstone pale Ujiji, “Dkt. Livingstone, nadhani?”, Livingstone hakuiandika popote, na katika shajara ya Stanley kurasa za siku ile zimechanwa. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama maneno yale yalitamkwa. Unaona tofauti yake, binti yangu? Jina alilojipa lilisameheka. Kurasa zilizochanwa hazikusameheka.

Kurasa zako ni video ghafi. Natumaini bado unazo, zile ndefu kabla hujazikata, kama zilivyotoka kwenye kamera au simu. Nakuomba usifute hata moja ya mtu uliyeahidiana naye. Weka nakala tatu: moja kwenye diski uliyonayo nyumbani, ya pili kwenye diski nyingine, ya tatu mbali na nyumba yako, kwa ndugu wa Kasulu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hakikisha saa na tarehe ya kamera ni sahihi, kwa sababu faili ghafi hubeba ndani yake tarehe na aina ya kifaa, na siku ya ubishi hicho ndicho kitakachokusemea. Na ukimtumia mtu faili kama ushahidi, usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, maana inaminywa na taarifa zake nyingi zinapotea. Itume kama hati, au mpelekee mkononi.

Sasa wizi wenyewe. Nataka tuuangalie kama watu wa kazi, kwa sababu hasira peke yake haitakufundisha kitu.

Video yako ina zaidi ya dakika mbili. Inaanza na sauti ya mawimbi, kisha vichanja vitupu, kisha bibi ameketi, ametazama ziwa. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na bibi anasema wazi kwamba ni vigumu lakini wanasubiri, kwamba hata shamba hupumzishwa, kisha anacheka na kukutania kwamba umekuja kumpiga picha siku ambayo hana dagaa wa kukufungia. Ni mtu mwenye subira na akili timamu, anayeielewa kazi yake kuliko sisi wote. Wezi wamechukua sekunde chache tu, zile anazotazama ziwa kabla hajafungua mdomo. Wakatoa sauti. Wakaweka kinanda cha huzuni. Wakaandika “njaa”. Na kweli, ukiitazama, unaona njaa.

Karibu miaka 100 iliyopita mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usio na hisia yoyote ya wazi, akaiunganisha na bakuli la supu, halafu uso uleule akauunganisha na jeneza. Watazamaji wakaona njaa katika ule wa kwanza na majonzi katika ule wa pili. Uso haukubadilika. Kila anayekaa kwenye meza ya kuhariri anaishi na jambo hili kila siku: uso wa mtu ni chombo kitupu ambacho sisi ndio tunaokijaza. Mtu anapokupa sura yake anakupa mamlaka ya kuamua atasemaje, na huo ndio uzito wa kazi yetu. Mimi hulifikiria kila ninaposhika mkasi, kama tulivyozoea kusema.

Na hapohapo lipo jibu la nusu ya swali lako. Unadhani ukiweka uso wako mtandaoni watu watakuamini. Uso wa bibi upo wazi, kila mtu ameuona, na umetumika kusema uongo. Siku hizi hata sura na sauti ya mtu vinatengenezwa kwa akili unde, mtu akasikika akisema asilolisema. Ukijitokeza leo kwa video ya dakika moja, “jamani mimi ndiye mwenyewe”, yule mwizi anaweza kuichukua hiyo nayo.

Kwa hiyo usianze na uso. Anza na video nzima. Iweke tena ile ya 2024 bila kuikata, na chini yake uandike kwa utulivu kwamba hii ndiyo asili, ilipigwa Kibirizi wakati wa kufungwa kwa ziwa, mhusika hakuomba msaada, na wewe hujawahi kuomba mchango kwa mtu yeyote. Ibandike juu kabisa ya ukurasa. Usijibizane na wanaokutukana; wengi wao wametapeliwa na wana uchungu wa pesa yao. Ila usifanye hata hili kabla hujaongea na bibi, kwa sababu sura ni yake, na huenda asitake ionekane tena hata kwa kumtetea. Akikataa, andika maneno matupu bila picha.

Halafu namba ya simu. Mwizi amejificha nyuma ya akaunti, lakini pesa inahitaji laini, na hapa kwetu tangu mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa haitakiwi kuwa hewani. Ukitaka kutuma pesa kwenye namba ile, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Najua tayari umeliona hilo jina, na najua unatamani kulianika. Usilianike. Watu wetu wengi, hasa wazee, wamesajiliwa laini wasizozijua na vijana wa kupita mitaani, na jina unaloliona linaweza kuwa la bibi mwingine wa mkoa mwingine asiyejua lolote. Waachie wenye uwezo wa kufuatilia. Namba za matapeli hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe kwenda 15040, na wewe mwenyewe piga *106# uone kama hakuna laini ngeni kwenye kitambulisho chako. Kisha nenda polisi ufungue jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Nenda na picha za skrini zenye tarehe, kiungo cha akaunti, namba ya simu, na faili ghafi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ulaghai wa namna hii na kujifanya mtu mwingine. Bibi naye ana njia yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda tume inayopokea malalamiko, na sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kumbuka tu kwamba sheria hiyohiyo inakutazama na wewe mwenye kamera.

Kuhusu hakimiliki, lakabu haikunyimi haki. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki inakuwa yako pale unapoitengeneza kazi, haingoji usajili, ingawa ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unapata karatasi ya kukusaidia siku ya kesi. Ugumu unatokea unapoiomba mitandao mikubwa iondoe video ya wizi. Mingi inafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na fomu yao inataka jina halisi na anwani. Jina hilo linaweza kufikishwa kwa yule unayemlalamikia. Wasanii wengi hawalijui hili mpaka wamechelewa: wamejificha miaka mitano, halafu wakampa mwizi jina lao kwa mkono wao wenyewe. Zipo njia mbili. Unaweza kumpa wakili au mtu unayemwamini idhini ya kulalamika kwa niaba yako. Au, kabla ya kulalamika kwa hakimiliki, tumia kitufe cha kuripoti ulaghai, ambacho hakihitaji kujieleza wewe ni nani, na uwaombe wafuasi wako wafanye vivyo hivyo. Mimi ningeanza na hicho leo jioni.

Nije kwa huyu wa Dar.

Ana haki ya kukujua. Nakuambia hivyo ingawa simjui. Anayeweka pesa yake kwenye kazi yako yupo kwenye hali ileile ya bibi: ukimharibia lazima awe na pa kubisha. Na wewe vilevile uwe na pa kubisha kwake. Kwa hiyo msijuane upande mmoja. Kabla hujampa kitambulisho, naye akuonyeshe kampuni yake imesajiliwa wapi, kazi alizowahi kutoa, na watu wawili aliowahi kufanya nao kazi, uwapigie simu wewe mwenyewe kwa namba ulizozitafuta mwenyewe. Filamu ya nusu saa inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Muulize nani anakiomba na kwa jina la nani. Mtayarishaji wa kweli hatashangazwa na swali hilo, pengine atafurahi umeuliza. Akikuambia utoe chochote kwanza, ada ya usajili, ada ya mafunzo, pesa ya tiketi utakayorudishiwa, funga simu.

Mkutane ana kwa ana kama inawezekana, na mkutane mchana, na usiende peke yako. Nenda na kaka yako au shangazi yako. Hutaonekana mtoto, utaonekana una kwenu.

Katika mkataba andika jina la kitambulisho, maana bila hilo hata benki haikulipi. Lakini mkataba huohuo uweke kifungu kwamba kwenye filamu na matangazo litatumika jina lako la kazi peke yake, na kwamba jina halisi, picha na makazi yako havitatolewa bila ruhusa yako ya maandishi. Ni kifungu cha kawaida, hakuna wa kukucheka. Uandike pia nani anabaki na video ghafi, na zinaweza kutumika kwa jambo gani jingine. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na kwa kazi ya watu wa ziwani sikubali tena mtu achukue ghafi zote bila sharti kwamba mhusika hatapewa maelezo asiyoyakubali. Na omba haki ya kuondoa jina lako kazi ikipotoshwa. Chama cha waongozaji wa Marekani kilikuwa na jina maalumu la kufanya hivyo, Alan Smithee, lililotumika kuanzia filamu moja ya mwaka 1969 mpaka 2000: mwongozaji aliyethibitisha kwamba filamu yake imechukuliwa kutoka mikononi mwake aliruhusiwa kuandika jina hilo mahali pa lake. Sisi hatuna jina la namna hiyo, kwa hiyo haki hiyo iandikwe kwenye karatasi yako.

Umenieleza kwamba nyumbani hawapendi. Sitakuambia uwapuuze, na sitakuambia uache kazi. Nakuomba mwambie mtu mzima mmoja wa nyumbani, mmoja tu, unayeona atakusikiliza. Mwonyeshe video zako, si kwa kuomba ruhusa, ila ajue. Siku polisi wanakupigia, au mtu anasambaza uongo kwamba wewe ndiye uliyekula michango, uwe na mtu atakayesimama barazani na kusema huyu binti kazi yake naijua. Siri ya peke yako ni mzigo, na matapeli wanaijua: anayejificha kwa kila mtu hutishwa kirahisi. Ukisikia ujumbe wa “tuma kiasi fulani au nitakutaja”, usishangae, na usitume. Aliyejulikana tayari na wanaostahili kumjua hana cha kutishwa nacho.

Kwa hiyo uso mtandaoni, kwa sasa, mimi ningeuacha ulivyo. Ukija kuuonyesha miaka mitano ijayo kwa sababu umependa, vizuri. Usiuonyeshe kwa sababu umati umekudai. Lakini kwa wale waliokaa mbele ya kamera yako, toka kabisa. Tengeneza orodha ya kila mtu ambaye sura yake ipo kwenye ukurasa wako, urudi kwake na jina lako, namba yako, na jina la nyumba yenu. Mwonyeshe alivyotokea. Muulize kama bado anakubali, kwa lugha anayoota nayo, Kiha au Kibembe au Kiswahili, na urekodi ridhaa yake, pamoja na maneno ya wapi video itakwenda. Wengine watakataa. Futa, bila kubembeleza. Utapoteza video nzuri, najua inavyouma, nimefuta za kwangu ambazo mpaka leo naziona nikifumba macho.

Na anza na bibi. Usimpelekee habari hii kwa simu, wala usimtume mjukuu. Mpe jina lako kwanza, mwambie wewe mtoto wa nani, ndipo umwonyeshe zote mbili, yako nzima kwanza halafu ya wezi, na unyamaze mpaka aseme. Nenda alfajiri wakati boti ndiyo zinaingia, kabla dagaa hawajamwagwa vichanjani. Wakishaanza kuanika hatapata nafasi ya kukusikiliza mpaka jua liwe kali, na habari kama hii haifai kumpa mtu akiwa amechoka.

Ukishaonana naye, niandikie alivyosema.